Muziki au Kimya: Kipi Humfaa Mtungaji?

Katika mabweni ya shule za sekondari, na katika nyumba nyingi ambamo vijana hujisomea usiku, kuna ubishi usiokwisha. Mwanafunzi mmoja hushikilia kuwa hawezi kuandika insha pasipo muziki karibu naye; mwenziwe husema kuwa wimbo ukianza tu, maneno humtoroka. Mzazi huamuru redio izimwe. Kijana hujibu kuwa redio ndiyo inayomfungua akili. Kila upande huamini kuwa uzoefu wake ni ushahidi wa kutosha.

Jambo hili si dogo. Utungaji ni sehemu ya mtihani, lakini zaidi ya hayo ni njia ambayo kwayo kijana hujifunza kuyapanga mawazo yake na kuyatoa kwa lugha iliyo sahihi. Iwapo saa za kujisomea kila usiku hutumika katika mazingira yanayoipunguzia akili nguvu, hasara yake katika muda wa miaka minne ni kubwa. Iwapo, kwa upande mwingine, muziki husaidia kweli, basi kuuzuia ni kumnyima mwanafunzi msaada usio na gharama. Wataalamu wa saikolojia wamelichunguza swali hili kwa majaribio, na matokeo yao yanaonyesha kuwa pande zote mbili za ubishi zina sehemu ya ukweli, ila kila upande unazungumzia hatua tofauti ya kazi.

Ushahidi wa watungaji wenyewe

Njia iliyo rahisi ni kuwatazama waandishi mashuhuri. Thomas Carlyle, mwanahistoria aliyeishi London, alichoshwa na majogoo na piano za majirani hata mwaka 1853 akajenga chumba maalumu juu ya nyumba yake ili asisikie chochote. Fedha zilitumika, lakini kelele ziliendelea kupenya. Marcel Proust, mwandishi wa Kifaransa, alizifunika kuta za chumba chake mjini Paris kwa gome lile laini litumikalo kutengenezea vizibo vya chupa. Kinyume chao, Stephen King wa Marekani alieleza katika kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu uandishi kwamba hufanya kazi huku muziki wa roki ukipigwa kwa sauti kubwa.

Katika fasihi ya Kiswahili, Abdilatif Abdalla alitunga mashairi ya diwani ya *Sauti ya Dhiki* alipokuwa kifungoni nchini Kenya kati ya mwaka 1969 na 1972, akiyaandika kwa siri juu ya karatasi za msalani. Kimya cha seli kilikuwa adhabu, wala hakuna awezaye kudai kuwa kimya hicho ndicho kilichoyazaa mashairi yale.

Mifano ya namna hii hufurahisha, lakini haithibitishi lolote. Hakuna ajuaye Proust angaliandika nini karibu na bendi, wala King angaliandika nini katika chumba cha Carlyle. Ili kujua athari ya sauti, sharti watu walio sawa wafanye kazi iliyo sawa, wengine katika kimya na wengine katika muziki, kisha kazi zao zilinganishwe.

Sikio halina kope

Kabla ya kuyatazama majaribio hayo, ni vema kukumbuka tabia moja ya sikio. Jicho lina kope, na mtu asiyetaka kuona huweza kulifumba. Sikio halina kifuniko. Mawimbi ya sauti huingia, hutikisa kiwambo cha sikio, na mtikisiko huo hupitishwa na mifupa mitatu midogo hadi katika koklea, kiungo chenye umbo la konokono kilichojaa maji. Humo, chembe hai zenye vinyweleo hugeuza mtikisiko kuwa ishara za umeme zinazosafirishwa na neva hadi kwenye ubongo. Kazi hii haikomi, hata mtu anapolala. Ndiyo sababu mama huamka mtoto akilia.

Kwa hiyo mwanafunzi anaposema, "Redio inaimba, lakini siisikilizi," anasema kweli kwa upande mmoja tu. Huenda hakuukusudia usikivu wake kwa redio; lakini ubongo wake umekwisha kuupokea wimbo na kuanza kuuchambua. Uchambuzi huo una gharama.

Sauti ya ndani

Gharama hiyo huonekana wazi tukichunguza jinsi mtu anavyotunga sentensi. Mwaka 1974 wanasaikolojia wawili wa Uingereza, Alan Baddeley na Graham Hitch, walieleza kuwa akili ina kumbukumbu ya kazi, yaani mahali padogo ambapo mambo huwekwa kwa muda mfupi yanapotumiwa. Sehemu mojawapo ya kumbukumbu hiyo hushughulikia sauti za maneno. Mtu anaposoma namba ya simu na kuirudia moyoni mpaka aiandike, anaitumia sehemu hiyo. Ni kama utepe mfupi wa kunasia sauti: hubeba maneno ya sekunde chache tu, na usiporudiwa hufutika.

Mtungaji huutumia utepe huu bila kukoma. Sentensi hutamkwa kwanza moyoni, hushikiliwa, hupimwa, ndipo huteremka kwenye karatasi. Katika ushairi wa Kiswahili wa kimapokeo mzigo ni mkubwa zaidi. Mtunzi wa shairi la tarbia lenye mizani 16 kwa kila mshororo hana budi kuzishika mizani 8 za ukwapi huku akizitafuta 8 za utao. Hapo hapo akumbuke kina cha kati na kina cha mwisho vilivyowekwa katika mishororo iliyotangulia. Aidha, watunzi wengi hupima mishororo yao kwa kuiimba kimoyomoyo kwa mahadhi fulani. Kazi yote hiyo hufanyika katika utepe ule ule mfupi.

Je, ni nini hutokea sauti nyingine inapoingia? Mwaka 1976 watafiti wawili wa Marekani, Herbert Colle na Alan Welsh, waliwaonyesha watu mfululizo wa herufi na kuwataka wazikumbuke kwa mpangilio wake. Wakati huo huo maandishi ya Kijerumani yalisomwa kwa sauti, nao wakaambiwa wasiyajali. Ingawa hawakuilewa lugha hiyo, makosa yao yaliongezeka. Mwaka 1982 Pierre Salamé na Baddeley walipata matokeo ya namna hiyo hiyo, na wakaonyesha kuwa mvumo wa mfululizo usio na maneno haukuwa na madhara kama yale ya usemi. Mwaka 1989 wakaugeukia muziki: nyimbo zenye maneno ziliivuruga kumbukumbu kuliko muziki wa ala tupu, ijapokuwa nao muziki wa ala haukuwa sawa kabisa na kimya.

Maelezo yake si magumu. Maneno ya wimbo hupita katika mlango ule ule unaotumiwa na maneno ya mtungaji. Hata sauti isiyo na maneno, ikiwa hubadilika-badilika, huilazimisha akili kuufuata mfuatano wake, na mfuatano huo hugongana na ule ambao mtungaji anajitahidi kuushika. Sauti iliyo sawasawa, kama mvua juu ya bati kutoka mbali au mvumo wa pangaboi, haina mfuatano wa kufuatwa. Ndiyo maana watu huizoea upesi.

Majaribio juu ya uandishi

Kukumbuka herufi si kutunga insha. Je, madhara hayo huonekana pia katika uandishi wenyewe? Mwaka 2001 Sarah Ransdell na Lee Gilroy waliwapa wanafunzi 45 wa chuo kikuu nchini Marekani kazi ya kuandika insha fupi kwa kompyuta, wakiwa katika kimya na wakiwa katika muziki. Hawakutakiwa kuujali muziki huo kwa namna yoyote. Hata hivyo, muziki ulipopigwa, wepesi wao wa kuandika, yaani idadi ya maneno waliyoyatoa kwa dakika, ulipungua, uwe ni wa kuimbwa au wa ala tupu.

Mwaka 2012 Patrik Sörqvist na wenzake nchini Uswidi waliongeza jambo lililo muhimu kwa mtungaji. Walilinganisha usemi unaoeleweka na usemi uliogeuzwa kwa mitambo hata ukapoteza maana yake. Usemi wenye maana ndio ulioudhuru zaidi uandishi. Kwa hiyo mwanafunzi anayeandika insha ya Kiswahili huku akisikia taarabu, Bongo Fleva au mazungumzo ya redio kwa Kiswahili amejitwisha mizigo miwili: sauti za maneno, na maana zake.

Wengi watajibu kuwa muziki waupendao hauwezi kuwadhuru. Jibu hilo nalo limepimwa. Mwaka 2011 Nick Perham na Joanne Vizard, nchini Uingereza, walilinganisha muziki uliopendwa na wasikilizaji na ule waliouchukia. Katika kukumbuka mambo kwa mpangilio, yote miwili ilidhuru. Kuupenda wimbo hakuuondoi katika njia ya akili. Huifanya safari iwe ya kufurahisha tu.

Kwa nini basi wengine husaidika?

Hapa ndipo upande wa pili unapostahili kusikilizwa, kwani mtu si mashine ya kukumbuka herufi. Mwaka 1908 Robert Yerkes na John Dodson walifanya majaribio kwa panya na kuona kuwa katika kazi ngumu mchangamko wa kadiri ndio uliofaa zaidi. Ukiwa mdogo mno mafunzo yalisuasua, ukizidi mno yaliharibika. Binadamu naye hufanya kazi vibaya akisinzia, na vibaya vile vile akiwa na hofu. Muziki ni mojawapo ya njia za haraka za kuubadili mchangamko na hali ya moyo.

Jambo hili lilidhihirika kwa njia isiyotarajiwa. Mwaka 1993 Frances Rauscher na wenzake katika Chuo Kikuu cha California, Irvine, waliwasikilizisha wanafunzi 36 sonata ya Mozart ya piano mbili kwa dakika 10. Baada ya hapo wanafunzi hao walifanya vizuri zaidi katika maswali ya maumbo na nafasi, lakini faida hiyo ilidumu kwa muda wa dakika 10 hadi 15 tu. Habari ilienea kwa kutiwa chumvi, hata ikasemekana kuwa Mozart huongeza akili za watoto. Mwaka 1998 gavana wa jimbo la Georgia, Zell Miller, aliomba dola 105,000 ili kila mtoto mchanga wa jimbo hilo apewe muziki wa namna hiyo. Majaribio yaliyofuata yaliiondoa ajabu hiyo. Mwaka 1999 ilionekana kuwa watu waliopenda hadithi kuliko muziki walisaidiwa na hadithi iliyosomwa kwa sauti vile vile kama wengine walivyosaidiwa na Mozart. Mwaka 2001 William Thompson na wenzake walionyesha kuwa kilichosaidia kilikuwa furaha na mchangamko, wala si siri iliyomo katika muziki huo.

Ni muhimu kutambua kuwa katika majaribio hayo muziki ulisikilizwa kabla ya kazi, wala si wakati wa kazi.

Kutawanya na kukusanya

Ubunifu wenyewe si kitu kimoja. Upo ubunifu wa kutawanya, ambao mtu hutafuta mawazo mengi tofauti. Kipimo chake maarufu, kinachohusishwa na J. P. Guilford wa Marekani, ni kumwuliza mtu ataje matumizi yote anayoweza kuyafikiria ya kitu cha kawaida, kwa mfano tofali. Na upo ubunifu wa kukusanya, ambao mtu hutafuta jibu moja linaloyaunganisha mambo yaliyotengana.

Mwaka 2017 Simone Ritter na Sam Ferguson waliwapima watu 155. Wale waliosikiliza muziki wa furaha walitoa mawazo bora katika kazi za kutawanya kuliko wale waliokaa kimya. Katika kazi za kukusanya hakukuwa na tofauti. Miaka mitano kabla ya hapo, Ravi Mehta na wenzake walikuwa wameona kuwa kelele za kadiri ya desibeli 70, kama zile za mgahawa wenye watu, zilisaidia ubunifu kuliko desibeli 50, ilhali desibeli 85 zilidhuru.

Lakini mwaka 2019 Emma Threadgold na wenzake nchini Uingereza na Uswidi walitumia mafumbo ya kukusanya. Mtu hupewa maneno matatu na kutakiwa atafute la nne linaloungana na yote. Kwa Kiswahili, mfano wake ungekuwa *sheria*, *siasa* na *michezo*. Jibu ni *mwana*: mwanasheria, mwanasiasa, mwanamichezo. Muziki ulipunguza idadi ya mafumbo yaliyofumbuliwa, uwe una maneno ya lugha ya kigeni, uwe wa ala tupu, au uwe wimbo unaojulikana. Sauti za kawaida za maktaba hazikudhuru.

Kwa haraka matokeo haya huonekana kupingana. Hayapingani sana yakiwekwa kando ya maelezo ya Graham Wallas, mwanazuoni wa Kiingereza, aliyeigawa kazi ya ubunifu mwaka 1926 katika hatua nne: maandalizi, kuatamia, kuangaziwa na kuhakiki. Kuatamia ni ule wakati ambao mtu ameliacha swali kando naye anatembea au anapumzika, huku akili ikiendelea na kazi yake chini kwa chini. Katika hatua hiyo, na anapotafuta mawazo ya mwanzo, hakuna mshororo wa kushikwa wala sentensi ya kupimwa. Muziki unaochangamsha huweza kusaidia. Kalamu inaposhika karatasi, mambo hubadilika: sauti ya ndani huanza kazi, na wimbo huwa mshindani wake. Wakati wa kuhakiki, ambapo upatanisho wa kisarufi, vina na mizani hukaguliwa, mshindani huyo huwa hatari zaidi.

Watu nao hutofautiana. Mwaka 1997 Adrian Furnham na Anna Bradley waliona kuwa muziki wa redio uliwaathiri wanafunzi wapole wapendao kukaa peke yao kuliko wachangamfu wapendao watu. Kwa hiyo amri moja kwa bweni zima haitamtendea haki kila mwanafunzi.

Pale ambapo kelele si hiari

Mwenye redio huweza kuizima. Shule iliyojengwa kando ya barabara kuu, mashine ya kusaga au ukumbi wa starehe haina kitufe cha kuzima. Mwaka 1975 Arline Bronzaft na Dennis McCarthy walichunguza shule moja ya New York iliyopakana na reli ya juu. Watoto waliosomea upande wa reli walikuwa nyuma katika kusoma kuliko wenzao wa upande wa pili wa jengo lile lile. Katika darasa la juu pengo lilikaribia mwaka mzima. Baadaye mipira iliwekwa chini ya reli na vigae vya kumeza sauti vikawekwa kwenye dari. Uchunguzi uliotolewa mwaka 1981 ulionyesha kuwa pengo limetoweka. Watoto hawakuwa wazito wa akili. Walikuwa hawasikii, na mwalimu alikuwa akikatizwa kila treni ilipopita.

Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 1999 kuwa kelele za nyuma darasani zisizidi desibeli 35. Kila desibeli 10 zinapoongezeka, nguvu ya sauti huwa mara 10. Kwa hiyo darasa lenye desibeli 65 limezidi kiwango hicho mara 1,000. Walimu wasioweza kuihamisha barabara wanaweza kuyapeleka masomo ya kusoma na kutunga katika vyumba vilivyo mbali zaidi nayo, kupanda miti na kujenga kuta ingawa faida yake ni ya kadiri, na kuchagua saa za asubuhi ambazo kelele ni chache.

Jaribio la darasani

Swali hili ni mojawapo ya machache ambayo darasa lolote linaweza kulipima bila maabara. Wanafunzi wagawanywe kwa kura katika makundi mawili, A na B. Siku ya kwanza kundi A liandike insha kwa dakika 20 katika chumba chenye kimya, na kundi B liandike juu ya mada hiyo hiyo katika chumba chenye wimbo wa Kiswahili kwa sauti ya kadiri. Wiki inayofuata, kwa mada nyingine yenye uzito uleule, makundi yabadilishane. Kubadilishana huku ni lazima, kwani bila hivyo haitajulikana kama tofauti imetokana na muziki au na uhodari wa kundi.

Kila karatasi iandikwe namba badala ya jina, na msahihishaji asijue imetoka chumba gani. Vihesabiwe vitu vitatu: idadi ya maneno, makosa ya sarufi, na alama za ubora. Wiki ya tatu na ya nne jaribio lirudiwe kwa kazi ya kutawanya: wanafunzi waorodheshe kwa dakika 5 matumizi ya kopo tupu. Wastani wa kila hali uchorwe katika grafu. Mwisho, kila mwanafunzi aulizwe alidhani amefanya vizuri zaidi katika hali ipi, na jibu lake lilinganishwe na namba zake. Tofauti kati ya dhana na kipimo huenda ikawa ndilo somo kubwa kuliko yote.

Kwa mwanafunzi asiye na nafasi ya kufanya jaribio, mwongozo ulio salama ni huu: asikilize muziki aupendao kabla ya kukaa mezani na katika mapumziko, anapotafuta mawazo, auache ukipenda, hasa usio na maneno, anapoandika na kusahihisha, auzime. Na mzazi anayeamuru redio izimwe ana haki, ila atakuwa na haki zaidi akingoja mpaka kijana ashike kalamu.